Salfa kalipa nani? Filamu za kicheko na machozi kuhusu familia za Kusini

Mtazamaji wa Tandahimba au Nachingwea, kusini mwa Tanzania, akikaa mbele ya filamu inayodai kusimulia maisha ya familia ya kipato cha chini, kuna swali humtoka hata kabla hajajua kama filamu ni nzuri au mbaya: hela hiyo imetoka wapi? Dakika ya kumi baba ameachishwa kibarua. Dakika ya ishirini anapanda bodaboda kwenda na kurudi mjini. Dakika ya thelathini mtoto anarudishwa nyumbani kwa kukosa sare, na dakika ya arobaini baba yuleyule yuko baa anawaagizia wenzake. Katikati hapo hakuna aliyekopa, hakuna aliyeuza kuku, hakuna aliyedanganya mtu. Fedha imeingia na kutoka kwa sababu mwandishi alihitaji tukio la baa.

Kuanzia hapo mtazamaji anaacha kuamini, na asiyeamini hacheki wala halii. Filamu za kicheko na machozi kuhusu watu wa hali ya chini hutuangusha hapo kuliko mahali pengine popote. Tumezoea kulaumu sauti mbovu, picha zinazotikisika na waigizaji wanaopiga kelele, na kila kimoja kina lawama yake, nitavifikia. Kasoro kubwa iko kwenye maandishi. Umaskini umewekwa kwenye mavazi na kwenye kuta, haukuwekwa kwenye hesabu, na hesabu ya nyumba maskini ndimo vilimo vichekesho na vilio vyenyewe.

Mikoa ya Mtwara na Lindi ina utajiri ambao waandishi wa filamu wanaupita kila siku: huku fedha ina kalenda. Mtumishi wa mshahara ana mwisho wa mwezi mara kumi na mbili kwa mwaka. Familia ya korosho ina mwisho wa mwezi mmoja tu, na kila mtu kijijini anajua unakuja lini, kwa sababu minada huanza Oktoba. Kabla ya hapo ni miezi ya kuunga. Mwandishi akiifuata kalenda hiyo kwa uaminifu, nusu ya kazi ya kutunga kisa imekwisha. Tayari ana muda unaokimbia, ana deni linalokua, na ana siku ambayo kila mdai atapiga hodi.

Tuipige hesabu yenyewe, maana bila tarakimu haya yatabaki maneno.

Familia yetu ya mfano ina ekari tatu Tandahimba. Mikorosho iliyopandwa kwa nafasi ya mita 12 kwa 12 hutosha miti 28 hivi kwa ekari, kwa hiyo shamba lote ni miti 84. Maua yakianza kuchomoza, ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu wa maua, nao unanyemelea, na dawa yake ya miaka mingi ni salfa ya unga: gramu 250 kwa kila mti, kwa kila mzunguko. Miti 84 inakula kilo 21 kwa mzunguko mmoja. Mizunguko mitano, kila baada ya wiki mbili, ni kilo 105. Mfuko una kilo 25. Mifuko minne haitoshi, na ukichukua wa tano unabakiwa na kilo 20.

Hizo kilo 20 ni tukio zima la filamu, na halihitaji mtu ateleze kwenye ganda la ndizi. Mume anataka kumuuzia jirani. Mke anataka zifungwe vizuri, ziwekwe. Shemeji ameshaziahidi kwa mtu wa kitongoji cha pili na ameshakula kishika uchumba. Na kama salfa ni ya ruzuku, kuiuza ni kesi, kwa hiyo mazungumzo yote yanafanyika kwa kunong'ona huku mfuko wenyewe umefunikwa kanga katikati ya chumba. Mtazamaji wa Kusini atacheka kabla ya mwigizaji kumaliza sentensi, kwa sababu anaujua mfuko huo.

Salfa ikiwa ya ruzuku bado haijipulizi. Kuna kufyeka shamba, kuna petroli ya bomba, kuna ujira wa mpulizaji. Na mpulizaji huyo ni mhusika ambaye filamu zetu hazijamwona kabisa. Kazi yake hufanyika alfajiri, umande ukiwa bado kwenye maua na upepo haujaamka, ili unga ushike. Jua likipanda, salfa inapeperuka hovyo na hela imekwenda na upepo. Hivyo mashamba yote ya kitongoji yanamtaka mtu mmoja, kwa saa zilezile mbili tatu, katika wiki zilezile. Kuanzia Juni hadi Agosti huyu bwana ndiye anayebembelezwa kuliko mwenyekiti wa kijiji. Anapikiwa chai, anaulizwa hali ya mama yake mgonjwa, anaahidiwa hiki na kile. Akisema atakuja kesho na asije, mzunguko unachelewa, na maua yakishapata ubwiri hayarudi. Mwandishi aliyekuwa anamtafuta tajiri mwenye roho mbaya kutoka mjini amemkosa mtu mwenye nguvu halisi, mwenye pikipiki mbovu na bomba mgongoni, ambaye wala si mbaya.

Sasa ingiza Julai. Akiba ya chakula imepungua, shule zimefunguliwa, na minada iko mbali. Hapo anakuja mnunuzi wa kangomba, yule anayenunua korosho kienyeji nje ya mnada. Filamu humchora kwa miwani myeusi na kicheko cha kishetani, na hilo ni kosa. Kangomba huja na salamu. Ni mtu wa kijiji hichohicho au cha jirani, anajua majina ya watoto, na siku anayokuja ni siku ambayo kweli anahitajika. Tuseme anatoa shilingi 100,000 leo kwa makubaliano ya kupewa kilo 100 korosho zikianguka. Mnada ukifika shilingi 2,500 kwa kilo, laki moja imelipwa kwa laki mbili na nusu. Mama anajua. Baba anajua. Wanapokea, wanamshukuru, wanamkaribisha chakula. Tukio hilo halina haja ya kinanda cha huzuni kwa nyuma, kwa sababu mtazamaji anapiga hesabu kichwani na anaumia mwenyewe.

Upande wa mjini kangomba ana ndugu yake, mkopo wa riba kubwa uitwao kausha damu. Familia ikiwa na mguu mmoja Mtwara mjini, tuseme baba anabeba magunia ghalani na mama anauza samaki wa kukaanga Magomeni au Chikongola, deni lao lina siku yake ya marejesho kila wiki. Hapa kichekesho ni cha ratiba. Mama ana kikoba Jumatano, kausha damu Alhamisi, na hela ya samaki wa kununua Ijumaa alfajiri. Shilingi zilezile elfu ishirini zinazunguka kwenye madeni matatu, na filamu nzuri ingetufanya tuzitambue kama tunavyomtambua mhusika: noti mbili za elfu kumi, moja ina alama ya wino, zinaingia na kutoka kwenye fundo la kanga.

Twende hadi mwisho wa hesabu. Miti 84 ikitoa wastani wa kilo sita, ni kilo 504. Toa 100 za kangomba, toa nne za kuliwa njiani na watoto, zinabaki 400, yaani magunia matano ya kilo 80. Kwa bei ya 2,500 ni shilingi 1,000,000. Weka makato ya 200 kwa kilo, toa 80,000. Mpulizaji, petroli na kufyeka, 150,000. Duka la mangi, 120,000. Kausha damu, 250,000. Mkononi zinabaki 400,000. Mjomba anasema ngoma ya jando ya mpwa wake haiwezi kupungua 350,000. Januari watoto wawili wanataka sare, madaftari na viatu. Ada ya shule za serikali hadi kidato cha nne ilifutwa kuanzia 2016, lakini hakuna waraka uliofuta viatu.

Bei na madeni ya mfano huu nimeyapanga mimi, na kila mwandishi atapanga yake kulingana na msimu anaousimulia. Ninachosisitiza ni kwamba yaandikwe kabla ya mazungumzo ya kwanza hayajaandikwa, kwenye daftari, mstari kwa mstari, mwezi kwa mwezi. Kila tukio la filamu lazima libadilishe mstari mmoja wa daftari hilo. Tukio lisilobadilisha chochote, hata kama lina kichekesho kizuri, ni la kukata. Ukifanya hivyo utagundua kuwa zile laki nne za Novemba zinamkutanisha mjomba na dada yake bila mtu yeyote kuwa mwovu. Mjomba ana haki. Mama ana haki. Pesa haitoshi.

Kuhusu mjomba, hapa filamu nyingi zinazojidai za Kusini hujifunua kuwa zimetungwa na mtu asiyekujua huku. Familia inachorwa baba akiwa juu kabisa, anafoka, anaamua kila kitu, na mke analia pembeni. Kwa Wamakonde, Wamakua, Wamwera na Wayao, ukoo kwa asili hufuata upande wa mama. Kaka wa mama ana neno kwa watoto wa dada yake, tena neno zito, hasa kwenye jando, unyago na ndoa. Mume mara nyingi ni mgeni wa heshima kwenye ardhi ya ukweni. Mambo yamebadilika, mijini zaidi, lakini mvutano huo bado upo na una kicheko chake cha pekee: mwanaume anayefoka nyumbani, kisha mjomba akipiga hodi, sauti inashuka na kiti kinasogezwa.

Mazungumzo yake hayahitaji maelezo mengi. Mjomba anamkuta mpwa wake njiani mwezi wa nane:

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba, mpwa wangu. Mama yako kashapuliza mara ngapi?"

"Tatu, mjomba."

"Basi ngoma ipo."

Anaondoka. Kijana anabaki hajui kama ameulizwa habari za shamba au amepewa taarifa ya jando lake. Mtazamaji anajua vyote viwili. Mistari minne imeeleza deni, mamlaka na kalenda. Filamu ya kawaida ingetumia dakika sita, mjomba akikaa sebuleni na kutoa hotuba kuhusu mila.

Na kuna utani. Inauma kuona filamu zikiazima vichekesho vya kupiga watu vichwani kwa sufuria wakati jamii yenyewe ina taasisi ya kuchekesha ndani ya majonzi. Bibi humwita mjukuu wake wa kiume "mume wangu" na kumdai matumizi hadharani: "Mume gani wewe, hata kipande cha sabuni huleti?" Maneno hayo yanachekesha, na papo hapo yanaeleza kuwa ndani hakuna sabuni. Msibani mtani anaweza kuzuia jeneza lisitoke mpaka apewe chochote, anaweza kujilaza kaburini, anaweza kuigiza mwendo wa marehemu mbele ya wafiwa. Wafiwa wanacheka machozi yakiwa bado yanatiririka. Mchanganyiko ambao waongozaji wanahangaika kuutafuta kwa muziki upo tayari kila msibani, una kanuni zake na una watu wanaoumudu. Filamu inapofika msibani hutupa wanawake kumi wanaopiga mayowe kwa dakika nne na mtu mmoja anayezimia. Mtani hayumo.

Badala ya utani tunapewa lafudhi. Mwigizaji wa mjini anabandika "ntu" na "nkate" kila baada ya maneno mawili, anatoa macho, anajifanya hajui kupanda lifti. Mtu wa Newala anaposikia hayo anajua anayechekwa ni yeye, na anayecheka yuko mbali. Kuna pia ile hadithi inayozunguka kila msimu bei inapopanda, ya mkulima aliyemnywesha mbuzi soda. Kila mtunzi anadhani ndiye wa kwanza kuifikiria. Iachwe. Mtu aliyesubiri mwaka mzima akapata fedha zake, siku hiyo ana mengi ya kufanya yanayochekesha na kuhuzunisha kuliko mbuzi: foleni ya benki tangu alfajiri, shati la kutokea lililopigwa pasi ya mkaa, mdai aliyejipanga foleni hiyohiyo nyuma yake ili asimpoteze.

Historia nayo ni ghala lililofungwa ambalo hakuna anayelifungua. Mfumo wa stakabadhi ghalani, wa kupeleka korosho ghala kuu, kupewa karatasi na kusubiri mnada, uliingia Mtwara msimu wa 2007/08, na pamoja nao yakaja maneno mapya nyumbani: mnada, malipo, makato, uhakiki. Msimu wa 2018/19 bei za wanunuzi zilikataliwa, na Novemba 2018 Serikali ikatangaza kununua yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo. Jeshi likahusishwa kwenye ubebaji. Halafu ikaja kazi ya kuhakiki nani ni mkulima kweli na nani ni kangomba, na malipo yakachelewa kwa wengi. Fikiria nyumba ambayo inajua ina milioni moja na nusu, tarakimu imeandikwa kwenye stakabadhi, imefichwa ndani ya foronya, na Krismasi inapita bila nyama. Kuna mtu anadaiwa kuonyesha shamba ambalo kwa kweli ni la mke wake, lililo kwa jina la mama mkwe. Msimu huo peke yake una filamu tatu.

Sasa mambo ya picha, maana hata maandishi mazuri huharibiwa uwanjani.

Kosa la kwanza ni msimu. Timu inakuja Machi kwa sababu nauli ni nafuu au mwigizaji mkuu ana nafasi. Machi mikorosho ni majani matupu, na huku ni masika. Waigizaji wanamwagiwa korosho kavu chini ya mti ili waziokote, wengine wanaonekana wakizichuma mtini kama maembe. Mkulima hachumi korosho. Anasubiri ianguke na bibo lake, anaokota, anaitenga na bibo, anaanika. Tukio la maua linatakiwa lipigwe Julai hadi Septemba, la kuokota Oktoba na Novemba. Kama bajeti hairuhusu safari mbili, panga upigaji mwisho wa Septemba hadi katikati ya Oktoba, kipindi ambacho shamba moja huweza kuwa na mti uliochelewa wenye maua na mti wa mapema wenye mabibo.

Oktoba ina tatizo lake. Mtwara iko nyuzi kumi na kitu kusini mwa ikweta, kwa hiyo karibu tarehe 20 Oktoba jua la saa sita linakaa wima kabisa juu ya utosi. Macho ya mwigizaji yanageuka mashimo meusi na pua inatupa kivuli mdomoni. Hakuna uigizaji unaopita hapo, na kazi ya kicheko na machozi inakaa machoni. Jua linachomoza kabla kidogo ya saa kumi na mbili asubuhi: piga mpaka saa tatu na nusu, pumzika, anza tena saa kumi jioni. Ukilazimika kupiga mchana, ingia barazani au funga shuka jeupe juu ya uwanja, kamba nne, kwa urefu wa kuzidi kichwa cha mtu mara moja na nusu, halafu weka kitambaa cheupe chini kirudishe mwanga usoni. Bati usilitumie kurudisha mwanga, linatupa mabaka makali na mwigizaji anakunja uso.

Sauti ndiyo inayoua filamu nyingi, na huku adui ni upepo wa kusi, unaovuma miezi ya katikati ya mwaka, miezi ileile ya salfa. Kipaza sauti cha juu ya kamera hakifai kabisa. Tumia kinachoshikwa kwenye fimbo ndefu, kikiwa na manyoya ya kukinga upepo, kisizidi nusu mita kutoka mdomoni, au kidogo cha kifuani kilichofichwa chini ya mshono wa kanga. Kanga mpya ina wanga na inachakarisha, ifue mara tatu kwanza. Rekodi dakika moja ya ukimya wa kila mahali kabla ya kuondoka, itakusaidia kuziba mapengo wakati wa kuhariri. Mashine ya kusaga na adhana vina saa zake, waulize wenyeji siku ya kwanza.

Nyumba. Waandaaji hukodi nyumba yenye vigae na makochi, wakaweka ndani yake watu wenye mashati yaliyochanwa kwa mkasi. Nyumba ya hali ya chini huku mara nyingi ina vyumba vya futi kumi kwa kumi, na hapo watu wa kamera hukata tamaa, wakaweka lenzi pana kabisa ambayo inavuta sura za watu walio pembeni. Tatua kwa kutoa kitanda, kuweka kamera nje ya mlango au dirishani, na kuwaacha wahusika waingie na kutoka kwenye fremu. Mlango wa nyumba ya familia ya watu saba una msongamano wake wa kuchekesha. Na mashati yasichanwe. Maskini ana nguo kuukuu ya kazini na nguo moja ya kutokea anayoitunza kuliko tajiri anavyotunza suti.

Mizigo pia. Baba kibarua anainua gunia la korosho peke yake kwa mikono miwili huku anaongea, na kila mbebaji wa Mtwara aliyepo ukumbini anaguna. Gunia la kilo 80 hunyanyuliwa na wawili, anatwishwa wa tatu. Akishabeba anakwenda kwa hatua fupi za haraka, shingo imekaza, na hazungumzi. Usimtwishe mwigizaji kilo 80. Jaza maganda na mchanga mpaka kilo 25 au 30, mwili utajipanga wenyewe. Pumba tupu haidanganyi mtu.

Tukio ninalotamani kuliko yote kuliona likipigwa vizuri ni la kubangua. Filamu ikitaka kutuonyesha mama mchapakazi humpa sinia la maandazi. Mpe karai. Korosho ghafi zimeanikwa siku mbili tatu. Karai kuukuu lililotobolewa matundu liko juu ya mafiga. Zikipata moto, mafuta ya ganda yanaanza kutoka na kulipuka, moshi wake unakereketa koo, na ghafla ndimi za moto zinashika karai zima. Mbanguaji ana muda mfupi wa kuamua. Akichelewa, kiini kinaungua. Akiwahi, ganda linabaki na mafuta, na pigo la kwanza litamrukia vidoleni. Mafuta hayo huunguza ngozi, ndiyo maana hupaka majivu au mafuta ya kula mikononi kabla. Anazimwaga kwenye mchanga, moto unazimika, mafuta yananyonywa. Kisha moja moja: anaisimamisha juu ya jiwe, anaigonga kwenye mgongo uliopinda. Pigo likizidi, kiini kinapasuka, na kipande hakina bei ya nzima. Kilo moja ya nyeupe inataka kilo nne hadi tano za ghafi.

Weka mabakuli mawili mbele yake, la nzima na la vipande. Halafu mlete mdai akae kwenye kigoda, aanze kuongea kwa upole. Mama hajibu, anagonga. Kila neno la mdai linapogusa pabaya, pigo linazidi na kipande kinaingia bakuli la pili. Mtoto mdogo, aliyeruhusiwa kula vipande tu, anamtazama mdai kwa matumaini na kumwomba asiondoke. Sauti ya jiwe inatosha kuwa muziki. Kamera isimame mahali pamoja, ione mikono, mabakuli na nyuso mbili kwa pamoja, kwa sababu kicheko kinahitaji mtendaji na mtendwa waonekane ndani ya fremu moja. Ukikatakata kwenda uso huu na uso ule, umekieleza kichekesho badala ya kukionyesha.

Urefu. Desturi ya kugawa filamu moja sehemu mbili ili iuzwe mara mbili ilituachia ugonjwa ambao haujapona: geti linafunguliwa, gari linaingia, mtu anashuka, anasalimiana na kila mtu, anakaa, anaulizwa anakunywa nini. Ingia kwenye tukio soda ikiwa imeshanywewa. Hesabu ukurasa mmoja wa maandishi kuwa dakika moja, na familia ya watu watano inatoshwa na kurasa 90.

Mwisho wa kisa ndio unaotuangusha kwa mara ya pili. Mjomba tajiri anatokea Dar es Salaam, mwekezaji anataka shamba kwa mamilioni, au baba anafariki na wote wanasameheana. Mtu aliyefuatilia daftari kwa dakika 80 ameibiwa, maana hesabu yote aliyoibeba imefutwa kwa mkono mmoja. Laki nne ziko mezani, ngoma na viatu vinazigombea. Familia ichague, na tuone ilichopoteza. Wakifanya ngoma ndogo ya wali bila mbuzi na mjomba akala kimya, huo ni mwisho. Wakifanya ngoma kubwa na Januari mtoto mmoja akavaa viatu vya mwingine kwa zamu, mmoja asubuhi na mmoja mchana, huo nao ni mwisho, na shule zenye zamu mbili za masomo zinaufanya uwezekane.

Ukimaliza kuhariri, usiipeleke kwanza kwa marafiki. Omba kibanda cha video Masasi au Ruangwa kikuonyeshee bila kiingilio, jioni ya siku isiyo na mpira. Kaa pembeni mbele, utazame watu, usitazame picha. Andika dakika ambazo kicheko kimefunika maneno yaliyofuata. Hapo ongeza sekunde mbili au tatu za tendo lisilo na maneno, kwa sababu taarifa muhimu ikiwekwa mara baada ya kichekesho hupotea. Andika dakika ambazo watu wameanza kuangalia simu. Na sikiliza sana wanapobishana na filamu kwa sauti. Mzee akisema "salfa hiyo kalipa nani?", rudi kwenye maandishi, utafute mstari uliosahau kuujaza.